Vanishi ya Keko Usoni mwa Bwana Sospeter

Nyie mliobaki karakanani mmeniomba niwaandikie utaratibu wa kupaka vanishi, ukurasa mmoja tu, muubandike ukutani. Jamani, ukurasa mmoja! Nimewapakia watu picha zao tangu kichwa changu hakina mvi hata moja mpaka juzi mliponikatia keki na kunivisha kitenge, halafu mnataka ukurasa mmoja. Nitaandika ninavyojua mie. Atakayetaka kubandika, atafute ukuta mkubwa.

Vyeo na mishahara siandiki. Tulikuwa watu wanne na vyeo vitatu, kwa hiyo mnaweza kukisia wenyewe nani alibaki bila. Ninachotaka mjue kwanza ni kwamba kazi naikumbuka mpaka inauma. Hapa Kiwalani ndege zinapita juu ya bati, jirani kafungulia muziki wa singeli, wajukuu wanagombania rimoti, na mie nimekaa nanusa vidole vyangu. Vinanuka vitunguu. Miaka yote vilinuka tapentaini, na marehemu mume wangu hakuacha kulalamika. Leo ningemshukuru sana mtu ambaye angenirudishia harufu ile.

Nilianzia Keko, kwenye samani. Mjomba wangu, niliyetoka naye Lindi, alikuwa na banda la vitanda na makabati, na mpakaji wake wa vanishi nilikuwa mie. Unapiga msasa, unapaka, unaacha ikauke, unapiga msasa tena, unapaka tena, mpaka ubao uteleze. Siku moja akaja Fundi Kalisti kuagiza fremu. Alikuwa mchoraji wa picha za rangi za mafuta, mtu wa Bukoba, mrefu, mpole, shati limejaa madoa. Akasimama kunitazama napaka kichwa cha kitanda, akasahau fremu zake.

“Binti, mkono wako haukimbii,” akasema. “Njoo Kinondoni unipakie picha.”

“Kwani picha nazo zinapakwa vanishi?”

“Zinapakwa. Bila hivyo vumbi la mji huu linaingia kwenye rangi na halitoki tena.”

Mjomba alininunia mwezi mzima, lakini nikaenda.

Siku ya kwanza Fundi aliniwekea picha moja mezani, mashamba ya migomba na milima nyuma yake. Akaniambia niipanguse vumbi, yeye anakwenda kunywa chai, akirudi tutaanza. Nikaipitishia kiganja. Lahaula! Rangi imevimba huku, imebonyea kule, majani ya migomba yamesimama juu ya kitambaa. Nikasema moyoni, huyu baba kuchora anajua, ila kumalizia hajui. Nikatoa msasa laini kwenye mkoba wangu, nikaanza kumsaidia.

Nilikuwa nimeshalainisha migomba mitatu aliporudi.

“Somoe, unafanya nini?”

“Nalainisha, Fundi. Ilikuwa ina makwaruzo.”

Akaweka kikombe chini polepole. Nilijua kazi imeisha kabla haijaanza, nikaanza kufikiria namna ya kumwangukia mjomba. Fundi akaniambia niguse mgomba wa nne, ambao sikuwa nimeufikia. Nikagusa. “Hayo makwaruzo yako,” akasema, “ndiyo upepo.” Kisha akacheka mpaka akatafuta kiti. Migomba mitatu akaichora upya, na mie nikakaa miezi sita nikiitazama ikauke ndipo nikaruhusiwa kuipaka. Miezi yote hiyo kila mgeni aliyeingia alisimuliwa habari ya msasa.

Miezi sita, nasema, na hapo ndipo nyie mnapoharibu. Rangi ya mafuta inakauka juu upesi, ukiigusa unaona tayari, kumbe ndani bado mbichi. Chukueni kitambaa cheupe, mkiloweshe tapentaini kidogo, mguse pembeni ya picha mahali pasipoonekana. Kikitoka na rangi, picha irudi ukutani, mfanye mengine. Mteja akisema ana sherehe Jumamosi, mpeni pole.

Siku ya kupaka iwe kavu. Msipake wakati wa masika, vanishi inanyonya unyevu na picha inaota utando mweupe. Niliwahi kumpaka bibi harusi mwezi mbaya, asubuhi nikamkuta kama katoka kupika uji kwenye jiko la moshi. Fagieni mapema, nyunyizeni maji sakafuni vumbi lilale, zimeni feni, fungeni dirisha hata jasho likiwatoka. Kanga mpya marufuku, inatoa vinyuzi. Mie nilikuwa na kanga moja ya kazi, imefuliwa mpaka maandishi yake hayasomeki. Picha ilale mezani. Brashi iwe pana, safi, kavu. Unaanzia juu, unavuta moja kwa moja hadi mwisho, na ukishapita hurudi. Hapa ndipo wengi wanashindwa. Unaona umeacha doa dogo, mkono unawasha kurudi, unarudi, unaacha kovu. Fundi alikuwa akiniambia, “Acha, Somoe, acha hivyo,” kwa sauti ya chini ya mtu anayembembeleza mtoto alale. Mpaka leo nikipaka mafuta chapati naisikia.

Na kubwa kuliko yote, vanishi ya picha iwe ile inayoweza kutolewa. Iko siku itachafuka au itageuka rangi, na atakayekuwepo siku hiyo aweze kuifuta kwa dawa bila kugusa mchoro. Zile picha za hoteli ya Kunduchi tulizokuwa tunaletewa kila baada ya miaka kadhaa, zimeliwa na upepo wa chumvi mpaka zimekuwa za kijivu, nilikuwa nazivua vanishi kuukuu kwa pamba na kuzivisha mpya, basi, zinarudi kama zilivyotoka. Vanishi ya samani haikubali hivyo. Ile ikishika imeshika. Fundi alinieleza hili wiki ya kwanza kabisa. Nililisikia, nikalielewa, na bado nikafanya nitakayowaeleza sasa.

Mwaka uleule wa kwanza walikuja mke na mume, watu wa bara. Mke ni Mama Anjela, mwalimu wa shule ya msingi, na mume ni Bwana Sospeter, karani. Walikuwa wanajenga Goba wakati Goba bado vichaka na makorongo. Mama Anjela ndiye aliyetaka mumewe achorwe; mwenyewe alikuwa anaona haya. Kila Fundi akimwambia atulie, anamtupia mkewe jicho na kicheko kinamponyoka. Fundi akamchora hivyohivyo, shati jeupe, nyuma yake giza la kahawia, kicheko kiko mlangoni kutoka. Picha ikaning'inizwa ikauke.

Miezi ilipotimia, Fundi akapata habari ya msiba, akasafiri kwenda kwao. Huku nyuma Mama Anjela akaja mbio. Nyumba imekwisha, padri anakuja kuibariki Jumapili, Baba Anjela lazima awe ukutani. Nikamjaribu Baba Anjela kwa kitambaa cheupe, kakauka vizuri. Nikafungua kopo la vanishi. Imeganda. Kuna mtu hakufunga kifuniko, na mtu huyo alikuwa mie. Vanishi ile ilikuwa inaagizwa nje, inachukua wiki nyingi kufika. Ningemwambia, “Mama, ichukue bila vanishi, utanirudishia baadaye,” yangekwisha. Lakini niliona aibu ya kopo. Nikaenda Keko kwa mjomba, nikarudi na chupa ya vanishi ya makabati, nikampaka Bwana Sospeter uso na shati na vyote. Jamani, alipendeza! Aling'aa kuliko picha zote za karakana. Mama Anjela alinikumbatia mpaka miguu ikaacha sakafu.

Fundi aliporudi akaniuliza, “Yule karani ulimpaka nini?”

“Ilikuwa imebaki kidogo chini ya kopo.”

“Ahaa. Vizuri.”

Ndiyo uongo pekee niliowahi kumwambia, na aliuamini papo hapo. Angenibana kidogo, ningesema.

Miaka ikaenda. Mikono ya Fundi ikaanza kutetemeka, akawa anachora mawingu tu, akisema mawingu hayana mwenyewe wa kuja kulalamika kwamba hafanani. Kisha akafariki, na mie sijamwambia. Kila asubuhi nilikuwa na nafasi, kila jioni nilikuwa na sababu. Nilimpenda yule mzee kama baba yangu, na hilo nalo sikumwambia. Niruhusuni niliseme hapa kwa vile sina pengine pa kulisema: nina hamu naye. Wala si hamu ya mambo makubwa. Nataka nimsikie akiburuta kandambili kuja kuangalia kazi yangu, asimame nyuma yangu, aondoke bila kusema neno. Kwake kutosema neno ndiyo ilikuwa sifa.

Fundi alikuwa na miaka kadhaa kaburini Mama Anjela alipoingia karakanani amebeba kitu kimefungwa kwenye shuka.

“Shikamoo, Mama Anjela.”

“Marahaba. Wewe ndiye Somoe? Umenenepa.”

“Na wewe umepungua, mama.”

“Nimestaafu. Utakuja kuona.”

Akafungua shuka, nami nikashika meza. Vanishi ilikuwa imegeuka. Shati jeupe limekuwa rangi ya mawese, mashavu njano, na yale macho ya kucheka, njano tupu.

“Baba Anjela aliondoka kwa ugonjwa wa ini,” akasema. “Miezi minne ya mwisho alikuwa hivi unavyomwona. Ngozi hivi, macho hivi. Watoto wanataka niitoe ukutani. Nikiitoa nitamwona wapi? Albamu ililowa paa lilipovuja, picha zikashikana zote. Nikifumba macho namwona yule wa hospitali. Nikifumbua namkuta yuleyule ukutani. Nimesahau rangi yake, Somoe. Mume niliyekaa naye miaka yote hiyo, nimesahau rangi yake. Nirudishie alivyokuwa.”

Kabla sijajibu akashusha sauti.

“Na kuna kitu sijamwambia mtu. Picha ilianza kubadilika kabla yake. Mimi niliona. Nikasema ni vumbi, nikawa nafuta kwa kitambaa. Ilikuwa inaniambia nimpeleke hospitali mapema, na mimi nafuta vumbi.”

Hapo ndipo nilipotakiwa kusema. Badala yake nikasema, “Niachie, mama, niiangalie.” Akaniachia. Akanishukuru, tena.

Nilikaa na picha ile siku tatu. Nikajaribu tapentaini, haikushtuka. Nikajaribu spiriti, haikushtuka. Dawa kali zaidi ya hapo ingekula vanishi na uso wote pamoja. Keko wanapaka vitu vidumu, na hiki kilikuwa kimedumu. Siku ya nne nikaifunga karakana mapema, nikapanda Goba. Nilimkuta Mama Anjela barazani, ungo mapajani, anachambua mchele. Akanikaribisha mkeka. Sikukaa.

“Mama, ile picha haikuwa inakwambia kitu,” nikasema. “Ilikuwa ni vanishi. Nilimpaka mie mwenyewe, vanishi ya makabati, kwa sababu nilisahau kufunga kopo na nikaogopa kukwambia. Vanishi ile inageuka njano tu, apakwe mgonjwa, apakwe mzima. Ingegeuka hata kama Baba Anjela angekuwa amekaa hapa na sisi.”

Akaendelea kuchambua. Akatoa jiwe, akalitupa. Akatoa lingine.

“Miaka kumi na miwili,” akasema bila kuinua uso. “Miaka kumi na miwili najiuliza kwa nini sikuisikiliza picha.”

“Nisamehe, mama.”

“Nenda, Somoe.”

“Mama, naomba—”

“Nimesema nenda. Kanirudishie mume wangu. Na usikanyage hapa bila yeye.”

Nikashuka kilima cha Goba na vumbi jekundu mpaka magotini, nalia kama nimefiwa.

Nikaanza Jumatatu. Fundi saa wa jirani alinigawia lenzi yake ya zamani, ile ya kubana jichoni, na duka la dawa wakanipa wembe wa upasuaji. Kazi yenyewe ni kukwangua vanishi ya juu bila kufika kwenye rangi, eneo la ukucha wa kidole gumba kwa siku. Nilianzia pembeni kwenye ukosi wa shati, kwa hesabu kwamba nikiharibu, cheupe ni chepesi kujazia. Mkono ukichoka nilikuwa naupumzisha. Mkono ukichoka na kazi ikaendelea, hapo ndipo mtu anakatwa shavu.

Siku ya tatu nikakuta jambo. Kipande cha vanishi kilibanduka chenyewe, kikavu, na chini yake hakukuwa na rangi bado. Kulikuwa na utando mwingine, mwembamba kuliko ngozi ya kitunguu. Nikaugusa kwa pamba yenye tapentaini, ukaitika, ukayeyuka, na shati likatoka jeupe pee. Nikausogeza uso pale nikanusa. Ilikuwa vanishi ya Fundi. Alikuwa ameshampitishia Bwana Sospeter mkono mmoja mwembamba wa vanishi kabla hajasafiri, bila kuniambia, kama alivyofanyaga kwa picha alizozipenda. Makosa yangu yalikaa miaka yote hiyo juu ya kazi yake, hayakuwahi kumgusa yule mtu. Niliweka wembe chini nikalia kwa sauti. Waliokuwepo mtakumbuka mliniuliza kama ni tapentaini imeniingia machoni, nikasema ndiyo.

Kazi ilikula kiangazi chote na vuli yote. Sikio, kidevu, shavu la kushoto, paji. Kwa muda mrefu alikuwa nusu mzima na nusu mgonjwa, na mlikuwa mnamfunika kwa gazeti mkitaka kula. Macho niliyaacha mwisho kwa woga. Siku nilipomfungua jicho la pili, kicheko kikarudi mahali pake, nikajikuta nimemsalimia.

Kilichobaki ni kumpaka vanishi upya, safari hii ya halali, lakini sikuthubutu kumgusa tena bila ruhusa. Nikamfunga kwenye shuka safi, nikampakata kwenye bajaji mpaka Goba. Mama Anjela alifungua mlango, akaona shuka, akanipisha bila salamu. Nikamsimamisha Bwana Sospeter kwenye kochi, nikamfungua, nikarudi nyuma.

Mama Anjela alivaa miwani. Akavua, akaifuta kwa upindo wa kitenge, akavaa tena.

“Alikuwa mweusi hivi,” akasema. “Ehee. Alikuwa mweusi hivi.” Akasogea akagusa ukosi kwa ncha ya kidole. “Hili shati nililipiga pasi mimi.”

Nilikuwa nasubiri aseme amenisamehe. Hakusema, na mpaka leo hajasema. Alikaa kwenye stuli mbele ya picha, na machozi yakashuka bila yeye kuyashughulikia. Kisha uso wake ukabadilika.

“Somoe, mbona huyu ni kijana?”

“Alikuwa na miaka arobaini na kitu, mama.”

“Anjela sasa hivi ana umri huo.” Akajishika mashavu yake mwenyewe, huku na huku. “Yule wa njano alikuwa mzee mwenzangu, tulikuwa tunazeeka wote. Huyu akiingia hapo mlangoni leo, si ataniamkia? Atanijua kweli?”

Mie nikishindwa na maneno nakimbilia kazi, ndivyo nilivyo, kwa hiyo nikamweleza habari za vanishi. Nikamwambia hajapakwa bado, nimekuja kuomba ruhusa, na kwamba ziko za namna mbili. Kuna iliyofifia, wengi wanaichagua kwa sebule kama yake yenye dirisha mkabala, kwa sababu hairudishi mwanga, unaiona picha peke yake. Na kuna ya kung'aa, ila hiyo ina kero yake: nyuma ya Baba Anjela pana giza, kwa hiyo ukisimama mbele unajiona mle ndani.

Mama Anjela aliinua kichwa.

“Najiona wapi?”

“Ukisimama hapo ulipo? Hapo pembeni ya bega lake.”

Akatazama bega la mumewe, na lile giza tupu lililo kando yake.

“Basi mpake ya kung'aa,” akasema. “Niwe nasimama naye humo kila siku, mpaka anizoee.”